Ndugu wawili, tiketi mbili na ndege ya mwisho ya usiku: uchambuzi wa kisa

Kabla ya kisa

Mimi ni wakala wa tiketi za ndege. Wahusika wa kisa hiki niliwakatia mimi tiketi yao ya kwanza, wakaniamsha usiku mambo yalipoharibika, na sehemu ya makosa utakayoyasoma hapa ni yangu. Majina, mashirika na viwanja nimeviondoa. Wahusika nitawaita Kaka na Dada, maana ni ndugu wa tumbo moja na Kaka ndiye mkubwa. Wote wawili wamesoma maandishi haya wakaridhia yatoke, ingawa Kaka aliomba nipunguze habari za yaliyotokea kaunta. Nimepunguza kidogo.

Saa nimeziandika Kiswahili, kwa saa za uwanja unaohusika. Tiketi haiandikwi hivyo. Tiketi yenye 00:15 ya Ijumaa maana yake ni saa 6:15 ya usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi usiku uwe umeshafika uwanjani. Sipiti mwaka bila kumpata mteja aliyekwenda Ijumaa jioni na mabegi yake, ndege ikiwa imeondoka karibu siku nzima nyuma.

Usuli

Binti wa Dada alikuwa anahitimu chuo katika nchi nyingine. Sherehe ilikuwa Jumamosi saa 4:00 asubuhi. Niliwakatia tiketi ya Alhamisi: kuondoka uwanja wa kuanzia saa 8:00 mchana, kufika uwanja wa kati saa 2:00 usiku, kuunganisha saa 3:40 usiku, na kufika uwanja wa kufikia Ijumaa saa 11:00 alfajiri. Shirika moja, tiketi moja, na majina yao mawili chini ya namba moja ya uhifadhi, ile ya herufi na tarakimu sita.

Kutoka uwanja wa kufikia hadi mji wa chuo kuna safari fupi ya ndani. Hiyo Kaka aliikata mwenyewe mtandaoni, kwenda na kurudi, kwa shirika jingine la bei nafuu: Ijumaa saa 2:30 asubuhi. Aliniambia baada ya kulipa. Nilijibu "sawa", neno ambalo nimelijutia, kwa sababu nilijua maana ya tiketi mbili zisizojuana. Shirika la kwanza likikuchelewesha, la pili halihusiki na chochote. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Na asiyetokea safari ya kwenda, mara nyingi mfumo humfutia na ya kurudi.

Walikuwa na siku nzima ya akiba kabla ya sherehe, na hilo walilipanga vizuri. Tatizo lilijificha kwenye zile saa moja na dakika 40 za kuunganisha. Muda huo unaruhusiwa. Kila uwanja una kiwango chake cha chini, na mfumo haukubali kuuza tiketi iliyo pungufu ya hapo. Ila kiwango hicho kinahesabu siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Tena ndege ile ya saa 3:40 ilikuwa ya mwisho kwa usiku ule. Ukiikosa ndege ya mchana, kuna ya jioni. Ukiikosa ya mwisho, unalala hapo.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

*Uwanja wa kuanzia.* Kaunta ya mizigo walikuwa na mabegi mawili makubwa. Moja lilizidi uzito, jingine likawa jepesi, basi mhudumu kwa wema wake akayapima pamoja na kuyasajili yote kwa jina la Kaka. Stika zote mbili za risiti zikabandikwa kwenye pasi ya kupandia ya Kaka. Hakuna aliyeona ubaya.

Saa 7:20 ubao ukaonyesha ndege imechelewa, itaondoka saa 8:40. Baadaye saa 9:15. Baadaye saa 9:50. Uchelewaji wa vipande vipande unachosha kuliko kuambiwa mara moja saa tatu, kwa sababu kila kipande kinakukalisha hapo hapo karibu na geti. Dada akafungua programu ya kufuatilia ndege, akatafuta ndege yenyewe itakayowabeba, na akaikuta bado iko chini katika uwanja mwingine, safari ya karibu saa mbili kutoka walipo. Saa 9:50 isingewezekana hata ingepaa dakika ile ile.

"Kaka, hii ndege haijaondoka huko iliko. Tutaikosa ya usiku. Twende tukaulize sasa hivi."

"Mdogo wangu, wenyewe wanajua wanachofanya. Ukienda kuwaambia kazi yao wanakuona mjuaji."

Wakakaa. Hapo ndipo uamuzi wa kwanza ulipofanyika, kwa kutoamua.

Wakati wa kupanda, sehemu za juu za mizigo zilikuwa zimejaa. Mhudumu wa geti akachukua begi dogo la magurudumu la Kaka liende chini na mizigo mingine. Akauliza kama kuna pawabenki ndani; Kaka akaitoa, kwa sababu betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini. Hakuulizwa kuhusu dawa, naye hakukumbuka. Vidonge vyake vya shinikizo la damu, vya kunywa kila usiku, vikashuka na begi. Chaja ya simu pia.

Ndege ikapaa saa 10:35 jioni.

*Uwanja wa kati.* Walitua saa 4:35 usiku. Ndege yao ya kuunganisha ilikuwa imeondoka karibu saa nzima iliyopita. Kaunta ya waliokosa kuunganisha ilikuwa na wahudumu wawili, na mbele yao foleni ya watu wanaokaribia tisini kwa makadirio ya Dada.

Kaka akashika nafasi kwenye foleni. Dada, akiwa kwenye foleni hiyo hiyo, akafungua programu ya shirika na kukuta mfumo umeshawahamisha wenyewe: ndege ya Ijumaa saa 3:40 usiku, kufika Jumamosi saa 11:00 alfajiri. Ile ya Ijumaa saa 4:00 asubuhi ilikuwa imejaa. Akahesabu kwa vidole. Hata wakipata ndege ya ndani ya Jumamosi asubuhi, wangetua mji wa chuo saa 3:45, robo saa kabla ya sherehe.

Akanipigia. Nilimwambia asisubiri foleni, apige simu ya huduma ya shirika, na ikilia bila kupokelewa, apige namba ya ofisi yao ya nchi nyingine ambako wakati ule ni mchana. Wahudumu wa simu wanaona mfumo ule ule wanaouona wa kaunta. Simu ya pili ikapokelewa.

Mhudumu wa simu alianza kwa kusema hakuna nafasi mapema zaidi. Dada akauliza swali ambalo nilikuwa nimempa dakika tano kabla: "Na ukitafuta kwa mtu mmoja?" Kimya kidogo. Kisha: kuna kiti kimoja, ndege ya shirika mshirika, saa 7:50 usiku huo huo, kupitia uwanja mwingine, kufika Ijumaa saa 9:00 alasiri.

Maamuzi, na sababu zake

*Kutengana.* Kaka alikataa. "Tumeondoka pamoja, tutafika pamoja." Nilimsikia kwenye simu, na sikumwona mjinga, usiku kama ule mtu hushikilia kitu kimoja ambacho bado anaweza kukiamua. Dada alijibu kwa upole, lakini hakurudi nyuma: "Kaka, mmoja wetu akifika, mtoto ameona mtu wake. Tukikaa wote, labda haoni yeyote." Akamwomba mhudumu agawe uhifadhi, majina yao yawe na namba mbili tofauti, kisha akachukua kile kiti.

*Kuihama tiketi ya pili.* Zikiwa zimebaki saa sita na kitu kabla ya ndege ya ndani ya Ijumaa asubuhi, Dada akaingia kwenye tovuti ya shirika la bei nafuu. Mabadiliko yaliruhusiwa hadi saa mbili kabla ya kuondoka, kwa kulipia. Lakini tovuti ilitaka kuwahamisha wote wawili au isimhamishe yeyote. Akawahamishia wote Ijumaa saa 1:30 usiku, ilhali Kaka kwa wakati ule alikuwa bado na kiti cha kufika Jumamosi alfajiri. Aliniambia baadaye: "Nilijua namfungia kamba shingoni, lakini kuacha ilikuwa kupoteza zote, na za kurudi."

*Kaunta.* Kaka alifika mbele baada ya karibu saa mbili. Dada alikuwa ameshakwenda kuwahi geti lake. Kaka akaanza na malipo. Katika kundi la WhatsApp la familia alikuwa amesoma kwamba ndege ikichelewa zaidi ya saa tatu abiria analipwa euro 600. Mhudumu akamwambia sheria hiyo haimhusu. Kaka akasema anadanganywa. Ikaendelea hivyo dakika kumi, sauti ikipanda. Mhudumu alipompa vocha ya hoteli na chakula, Kaka aliiacha mezani akaenda kulala kwenye viti.

*Asubuhi.* Aliamka akiwa hajanywa dawa, simu haina chaji. Akaazima chaja kwa abiria wa jirani, akasoma ujumbe wa Dada wenye picha ya cheti cha daktari na maelezo kwamba viti vya kwenda mji wa chuo ni vya usiku huu. Duka la dawa la uwanjani lilimpatia vidonge. Kisha akarudi kaunta, zamu ikiwa imebadilika, na safari hii akaomba kitu kimoja tu: awekwe kwenye orodha ya kusubiri ya ndege ya saa 4:00. Dakika ishirini kabla ya geti kufungwa akaitwa.

Matokeo

Dada alifika kama ilivyopangwa. Kaka alitua saa 11:20 jioni, akiwa na saa mbili na dakika kumi za kupita uhamiaji na kubadilisha jengo. Aliwahi, na sababu kubwa ni ya kuchekesha: hakuwa na mzigo wa kusubiri. Mabegi yote matatu yalibaki uwanja wa kati, kwa kuwa alipewa kiti dakika za mwisho na hayakuweza kutafutwa.

Jumamosi asubuhi duka la nguo la jirani lilifunguliwa saa 3:00. Dada alinunua gauni na viatu. Kaka alihudhuria na shati alilosafiri nalo, na katika picha zote amesimama nyuma ya mtu.

Mabegi yalifika uwanja wa kufikia Jumamosi alfajiri, yakakaa hapo hapo. Kaka alikuwa amepita kaunta ya mizigo mbio bila kuandikisha ripoti, basi hakuna aliyejua yapelekwe wapi. Ripoti ikaandikishwa Jumamosi jioni kwa simu. Yaliwafikia Jumanne. Shirika lililipa gharama ya gauni na viatu baada ya wiki kadhaa. Ada ya kubadilisha tiketi ya pili lilikataa, na Kaka hakulipwa usumbufu wake.

Uchambuzi: yaliyosaidia

Jambo la kwanza ni kuangalia ndege badala ya ubao. Ndege moja huruka safari nyingi kwa siku, na uchelewaji wa asubuhi sehemu moja huviringika hadi usiku sehemu nyingine. Ubao wa uwanja mara nyingi huonyesha muda unaotarajiwa na kusogezwa kidogo kidogo; ndege ambayo bado iko mbali haiwezi kudanganya. Dada aliujua ukweli zaidi ya saa mbili kabla ya kupaa. Aliutumia vibaya, lakini aliujua.

La pili, na ndilo lililookoa safari, ni lile swali la kiti kimoja. Mfumo unapotafutia uhifadhi wa watu wawili, unatafuta viti viwili. Ndege yenye kiti kimoja haionekani kabisa, kama haipo. Mashine haikufanya kosa, ilijibu ilichoulizwa. Watu wengi hupoteza usiku mzima kwa kutojua kwamba wanaweza kuuliza tofauti. Familia ya watu watano ipo kwenye shida kubwa zaidi ya hiyo, na nimeona baba akigawa watoto wawili kwa wawili kama anayepanga timu.

Kupiga simu ukiwa kwenye foleni hakuhitaji maelezo mengi. Husemi "subira yavuta heri" viti vinapogawiwa kwa anayefika kwanza. Watu tisini walikuwa wanagombea mabaki ya ndege zile zile, na aliyepata kiti cha saa 7:50 hakuwa wa mbele kwenye foleni.

Kuhusu tiketi ya pili, Dada alifanya sawa kuwaambia kabla ya muda kupita. Ila kuwahamisha wote wawili usiku ule ilikuwa kamari, na bahati iliufunika uamuzi usio mzuri. Kaka angekosa kiti cha saa 4:00, angeandikwa hakutokea, na yote aliyokuwa anayaokoa yangepotea kwake. Simu moja ya kugawa na uhifadhi ule wa pili ingetosha. Sikumkumbusha, na mimi nilikuwa nasinzia.

Uchambuzi: yaliyoharibika

Nianze na langu. Ningekataa ile "sawa". Ningewaambia wakate ndege ya ndani ya Ijumaa jioni, au niiunge kwenye tiketi moja hata kama bei ingepanda. Tena ningeepuka kuwaunganisha na ndege ya mwisho ya usiku kwa dakika mia moja tu.

Kutoongea mapema. Uwanja wa kuanzia, saa 8:30 mchana, hakukuwa na foleni ya watu tisini. Pengine wangewekwa kwenye ndege nyingine kabla wenzao hawajajua kwamba kuna tatizo. Hofu ya kuonekana mjuaji iligharimu zaidi ya uchelewaji wenyewe.

Mizigo kwa jina moja. Dada alipoondoka peke yake, begi lake halikuweza kumfuata. Katika safari za kimataifa mzigo huoanishwa na abiria wake. Asipopanda, begi lake hushushwa. Utaratibu huo una historia ya damu: mwaka 1985 juu ya Atlantiki na mwaka 1988 juu ya Lockerbie, ndege zililipuliwa na mabomu yaliyokuwa ndani ya mabegi ambayo wenyewe hawakuwemo. Mzigo ulioachwa nyuma na shirika lenyewe unaweza kutumwa baadaye baada ya kukaguliwa tena, lakini hauchukuliwi na mtu asiyehusika nao kwenye mfumo. Kwa mfumo, lile gauni lilikuwa la Kaka. Hata madai ya fidia ilibidi yaandikwe kwa jina lake, na Dada akawa shahidi wa nguo zake mwenyewe.

Sasa kaunta, ambako Kaka anadhani nitamsema zaidi ya ninavyotaka. Sheria aliyoitaja ipo: ni kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, na malipo yake ni euro 250, 400 au 600 kutegemea umbali. Lakini inahusu ndege zinazoondoka nchi za Umoja huo, na zinazoingia huko kwa mashirika ya huko. Safari yao haikugusa Ulaya. Iliyowahusu ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao hautoi kiasi maalumu kwa kuchelewa. Unataka uonyeshe hasara yenyewe, risiti kwa risiti, na shirika hujinasua likithibitisha lilichukua hatua zote zinazostahili. Kwa mzigo kuna kikomo, ambacho tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, SDR ikiwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kikomo ni dari. Wengi hukisoma kama hundi. Malalamiko ya mzigo uliochelewa lazima yawe kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu uupokee, na ya ulioharibika ndani ya siku 7. Dada aliandika siku ya 12, na risiti zake zote zilikuwa ndani ya bahasha moja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba katika zile dakika kumi Kaka hakutaja dawa. Mtu mzima ambaye vidonge vyake vya shinikizo la damu vimefungiwa kwenye begi lililochukuliwa na shirika lenyewe ana hoja ambayo mhudumu yeyote wa kaunta angeisikia kwanza kuliko zote. Aliona aibu kuisema mbele ya watu. Malipo hakuona aibu. Mhudumu wa kaunta hana fedha za fidia mezani. Ana viti, vocha na simu ya kuita msaada, na Kaka aliomba kile pekee ambacho hakuwa nacho.

Sitaki kumbebesha lawama yote. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, unyevu wake mara nyingi haufiki asilimia 20, na mgandamizo wake ni kama wa mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Mtu anatoka humo ana kiu asiyoijua, hajala vizuri, amekaa kiti kimoja saa sita, kisha anasimama saa mbili nyingine. Asubuhi yake, baada ya maji, dawa na usingizi mbovu wa viti, alikuwa mtu mwingine, akaomba jambo moja linalowezekana na akalipata. Viti vya ndege iliyojaa hupatikana hivyo hivyo: wengine nao wamekosa kuunganisha mahali fulani.

Kuhusu ripoti ya mzigo, kisa kinavuta pande mbili. Angesimama kuandikisha, pengine angeikosa ndege ya saa 1:30. Ila alikuwa na picha za stika zenye namba za tarakimu kumi kwenye simu yake, na kwenye ndege ya ndani alikaa robo saa kabla ya milango kufungwa. Angeweza kuandika kupitia programu pale pale.

Safari ya kurudi

Walirudi siku tisa baadaye. Dada alinipigia mapema, akataka muda wa kuunganisha uwanja wa kati uwe saa nne na kila begi liandikwe kwa jina la mwenyewe. Kaka alinung'unika kwamba saa nne ni nyingi, watakaa tu pale kama mizigo. Dawa zilikuwa mfuko wa shati.